Mapitio ya takwimu za MOPITT: robo karne ya kaboni monoksidi iliyopimwa kutoka angani

Takwimu za kaboni monoksidi zilizokusanywa na kifaa cha MOPITT, kilichobebwa na setilaiti ya Terra ya shirika la anga za juu la Marekani, NASA, hutolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti na akaunti ya kujisajili isiyolipiwa. Ndiyo kumbukumbu ndefu kuliko zote ya gesi hii kupimwa kwa setilaiti, kwani inaanza Machi 2000 na kuishia mwaka 2025 kifaa kilipozimwa. Sasa kwa kuwa hakuna kipimo kipya kitakachoongezwa, inafaa kuikagua hazina hii kama ilivyo na kusema waziwazi inamfaa nani na haimfai nani. Nawaandikia hasa wanafunzi wa vyuo, maofisa wa mazingira wa kaunti na halmashauri, na waandishi wa habari za sayansi, ambao swali lao la kwanza huwa ni iwapo namba iliyo kwenye faili inasema kweli kuhusu hewa iliyo juu ya eneo lao. Kwa maoni yangu inasema kweli, ilimradi msomaji asome pia kile ambacho faili hilohilo linaeleza kuhusu mipaka ya ujuzi wake. Ni maelezo hayo ya mipaka yanayonifanya niithamini MOPITT kuliko ramani nyingi zenye rangi za kuvutia zinazosambaa mtandaoni.

Kaboni monoksidi hutokana na mwako usiokamilika: injini za magari, viwanda, majiko ya kuni na mkaa, na katika bara letu, zaidi ya yote, mioto ya mbuga, misitu na mashamba. Sehemu nyingine kubwa haitoki motoni kabisa, bali huzaliwa hewani pale methani na gesi zinazotolewa na mimea zinapooksidishwa. Gesi hii hukaa angani kwa wiki kadhaa hadi miezi miwili hivi kabla ya kuondolewa na haidroksili, chembe ya hewani inayozioksidisha gesi nyingi. Umri huo una faida kubwa kwa anayepima kutoka juu: unatosha gesi kusafiri kutoka bara moja hadi jingine, lakini hautoshi kuifanya ichanganyike sawasawa duniani kote, kwa hiyo njia iliyopitia bado huonekana. Tena, kila inapotumia haidroksili huipa methani nafasi ya kuishi muda mrefu zaidi, na mahali penye oksidi za nitrojeni huchangia kuzalisha ozoni karibu na ardhi. Anayefuatilia kaboni monoksidi, basi, anafuatilia mengi zaidi ya moshi.

Kabla ya Terra, kazi hii ilikuwa imefanywa kwa vipande. Kifaa kilichoitwa MAPS kilirushwa ndani ya vyombo vya anga vya Marekani vinavyorudi duniani, mara ya kwanza Novemba 1981, kisha Oktoba 1984, na mara mbili mwaka 1994, Aprili na Oktoba. Kila safari ilidumu siku chache tu, lakini ilitosha kuonyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia: viwango vikubwa havikuwa juu ya miji ya viwanda ya kaskazini peke yake, bali pia juu ya Afrika na Amerika Kusini, kutokana na uchomaji wa nyasi na misitu. Bara lililokuwa likichukuliwa kuwa na hewa safi kwa sababu tu lina viwanda vichache lilionekana kuwa miongoni mwa vyanzo vikuu. Kilichokosekana kilikuwa kifaa cha kukaa huko juu mwaka baada ya mwaka.

Kazi hiyo ilifanywa na MOPITT. Kifaa kiligharimiwa na Shirika la Anga la Kanada chini ya uongozi wa kisayansi wa James Drummond wa Chuo Kikuu cha Toronto, nayo kazi ya kugeuza mawimbi yaliyopokewa kuwa viwango vya gesi ikafanywa katika kituo cha utafiti wa angahewa cha NCAR kilichopo Boulder, Colorado, Marekani. Terra ilirushwa tarehe 18 Desemba 1999 kwenye mzunguko wa kilomita 705 hivi juu ya ardhi, ikivuka ikweta karibu saa nne na nusu asubuhi kwa saa za mahali husika, na mara ya pili usiku. MOPITT ilitazama ukanda wenye upana wa kilomita 640 hivi, kwa vipande vya kilomita 22 kwa 22, na iliweza kuizunguka dunia yote kwa takribani siku tatu.

Ubunifu wake unastahili kuelezwa, kwa maana ndio uliofanya ipate usahihi bila kuhitaji kutenganisha mwanga katika rangi nyembamba mno. Ndani ya kifaa mlikuwa na vyumba vidogo vilivyojazwa kaboni monoksidi yenyewe. Mionzi kutoka duniani ilipitishwa humo huku kanieneo ya gesi, au urefu wa njia ya mwanga ndani ya gesi, ukibadilishwa mara kwa mara. Mabadiliko hayo yaligusa mistari ya ufyonzaji ya kaboni monoksidi tu, hivyo tofauti kati ya hali moja na nyingine ilibeba habari za gesi hiyo pekee, ilhali wastani wa hali zote mbili ulibeba habari za joto la ardhi na vitu vingine vilivyomo hewani. Kwa ufupi, gesi ilitumiwa kuitambua gesi mwenzake.

MOPITT ilisikiliza katika sehemu mbili za mionzi ya infraredi, na hapo ndipo mnunuzi (japo hapa hakuna bei) anapotakiwa kuchagua. Ya kwanza ni mikromita 4.7, ambayo ni mionzi ya joto inayotolewa na ardhi na hewa yenyewe, hivyo hupatikana mchana na usiku, nchi kavu na baharini. Lakini huhisi zaidi hewa ya kati, kilomita kadhaa juu, na kuufikia uso wa ardhi hutegemea tofauti ya joto kati ya ardhi na hewa iliyo juu yake. Ya pili ni mikromita 2.3, ambayo ni mwanga wa jua uliorudishwa na ardhi. Hii hupenya hewa yote kwa takribani uzito sawa tangu juu hadi chini, ila hufanya kazi mchana tu na nchi kavu tu, kwa kuwa bahari ni nyeusi mno katika mwanga huo. Takwimu hutolewa kwa namna tatu: za joto peke yake, za mwanga wa jua peke yake, na za zote mbili zilizounganishwa.

Watengenezaji wenyewe wanaeleza vizuri ni ipi itumike wapi, na uzoefu wangu unaafikiana nao. Anayetafuta mwelekeo wa miaka mingi achukue za joto peke yake, kwa sababu ndizo tulivu zaidi kadiri muda unavyopita. Anayetaka jumla ya gesi kutoka ardhini hadi juu kabisa anaweza kutumia za mwanga wa jua. Anayetaka kujua habari za hewa ya chini, ile tunayoishi ndani yake, achukue zilizounganishwa, akikubali kwamba unyeti huo wa chini umenunuliwa kwa kelele zaidi, yaani mtikisiko wa nasibu, katika kila kipimo kimoja kimoja. MOPITT ndicho kilichokuwa kifaa cha kwanza cha setilaiti kutoa takwimu za aina hii ya tatu, na kwa mada ya hewa ya chini hilo ni jambo kubwa.

Sasa nifike kwenye kiini. Ukifungua faili utakuta viwango vya gesi katika ngazi kumi: usoni mwa ardhi, kisha kila hektopaskali 100 (kipimo cha kanieneo ya hewa, ambayo hupungua kadiri unavyopanda juu) kutoka 900 hadi 100. Mtu mgeni hudhani amepewa vipimo kumi. Sivyo. Ndani ya faili hilohilo kuna namba inayoonyesha ni vipande vingapi vya habari vinavyojitegemea vilivyopatikana kwa kweli, na kwa kawaida namba hiyo huwa kati ya 1 na 2, ikipanda mchana juu ya nchi kavu yenye joto na kushuka usiku na baharini. Ni kama kusikiliza maelezo kumi yaliyotolewa na shahidi mmoja, au wawili kwa bahati nzuri: hayakinzani, lakini wingi wake hauongezi ushahidi. Ngazi nyingine zinazosalia hujazwa kwa msaada wa makadirio ya awali, yaani picha ya kawaida ya gesi hiyo kwa mwezi na mahali husika kama ilivyotolewa na modeli ya kompyuta.

Kinachonifurahisha ni kwamba hakuna kilichofichwa. Kila kipimo huandamana na makadirio yake ya awali, kiasi cha kosa linalotarajiwa, na jedwali linaloonyesha kila ngazi imeathiriwa kwa kiasi gani na gesi halisi ya kila ngazi nyingine. Mstari wa uso wa ardhi katika jedwali hilo ukiwa karibu na sifuri, namba ya uso wa ardhi uliyopewa ni makadirio ya modeli yaliyovaa sura ya kipimo, na unapaswa kuiacha. Ukiwa mkubwa, unayo sababu ya kuitumia. Sijui huduma nyingi za takwimu za umma zinazompa mtumiaji silaha za kuzikataa kwa kiwango hiki. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona ramani za hewa ya usoni zikinakiliwa katika ripoti na tasnifu bila safu hata moja ya jedwali hilo kuangaliwa, na mjadala wote uliofuata ukajengwa juu ya kitu ambacho setilaiti haikukiona.

Makadirio hayo ya awali yana sifa nyingine njema. Hubadilika mwezi kwa mwezi, lakini hayabadiliki mwaka kwa mwaka: Agosti ya 2003 na Agosti ya 2019 zilianza na dhana ileile. Kwa hiyo tofauti inayoonekana kati ya miaka hiyo miwili haiwezi kuwa imetoka kwenye dhana. Imetoka kwenye mionzi iliyopokewa. Uamuzi huu wa kiufundi, ambao mtumiaji wa kawaida hauoni, ndio unaozipa nguvu hoja za mwelekeo wa muda mrefu. Kutokana na takwimu hizi pamoja na za setilaiti nyingine, watafiti wameonyesha kwamba kaboni monoksidi duniani ilipungua kwa karibu nusu ya asilimia moja kila mwaka kati ya 2002 na 2018, sehemu kubwa ikihusishwa na injini na viwanda vinavyochoma vizuri zaidi, China ikiwemo. Hata eneo linaloungua kila mwaka duniani lilipungua kwa takribani robo katika muda wa karibu miaka 18 hadi 2015, hasa pale mbuga, za Afrika zikiwa mbele, zilipogeuzwa mashamba.

Kwa mtumiaji wa Afrika Mashariki liko jambo la mwinuko ambalo miongozo huligusia kwa kupita tu, nami nalipa nafasi kwa kuwa kwetu ni la kila siku. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa yake ni karibu hektopaskali 830. Ngazi ya 900 kwa hiyo iko chini ya ardhi ya Nairobi, na faili huweka hapo alama ya kutokuwepo kwa takwimu. Anayechukua ngazi ya 900 kuwa ndiyo hewa ya chini kwa nchi nzima atapata picha nzuri ya Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, na shimo tupu juu ya Nairobi, Mbeya, Iringa na nyanda zote za juu. Tena, takwimu zilizopangwa kwa gridi huja katika visanduku vya digrii moja kwa digrii moja, yaani karibu kilomita 111 kila upande kwetu sisi tulio karibu na ikweta. Kisanduku kimoja cha ukubwa huo kinaweza kuchanganya Bonde la Ufa na kingo zake, au tambarare za Moshi na miteremko ya Kilimanjaro, na uso wa ardhi unaotajwa humo ni wastani wa sehemu zilizotofautiana sana. Anayefanya kazi katika maeneo ya milima achukue takwimu za hatua ya pili ya uchakataji (Level 2), ambazo hazijapangwa kwa gridi, kipande kwa kipande, na asome kanieneo ya usoni iliyoambatana na kila kimoja.

Ambapo MOPITT inang'aa kwelikweli ni katika kuonyesha safari ya msimu wa moto. Kuanzia Juni, viwango huanza kupanda juu ya Angola na kusini mwa Kongo, Katanga ikiwemo, kisha kadiri kiangazi kinavyoendelea hadi Septemba na Oktoba chanzo husogea mashariki kuelekea Zambia, Msumbiji na kusini mwa Tanzania. Kati ya Novemba na Februari picha hugeuka, moto ukawa kaskazini mwa ikweta, kutoka Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati hadi magharibi ya bara. Upepo nao una usemi wake. Wakati wa kusi hewa ya bahari huingia pwani yetu kutoka kusini-mashariki na kuusukuma moshi wa bara kuelekea magharibi, hadi Atlantiki. Wakati wa kaskazi hewa ya pwani hutoka nusu ya kaskazini ya dunia, ambayo kwa kawaida ina kaboni monoksidi nyingi kuliko ya kusini. Mtu anayeyajua majira haya kwa jina na kwa ngozi anayo faida kubwa anapoisoma ramani ya miezi kumi na miwili, kwani huona sababu mahali ambapo mwingine huona rangi tu. Mwaka 2015, wakati wa El Niño, takwimu hizihizi zilionyesha wingu la gesi kutoka mioto ya ardhi ya mboji ya Indonesia likitanda juu ya Bahari ya Hindi, na hiyo ni aina ya tukio ambalo kituo cha ardhini peke yake hakiwezi kulionyesha kwa ukamilifu.

Dosari zake zipo, na baadhi ni nzito. Mawingu hukifunga macho kifaa: bonde la Kongo na eneo la Maziwa Makuu hupata siku chache zinazofaa wakati wa masika, hivyo wastani wa mwezi ni wastani wa siku zilizo wazi tu, ambazo huenda zisifanane na mwezi mzima. Toleo la 9, ambalo ndilo ninalopendekeza, lilipunguza tatizo jirani na hili kwa kurekebisha utambuzi wa mawingu, kwa sababu matoleo ya awali yaliweza kulitupa eneo lenye moshi mzito yakilidhania kuwa limefunikwa na mawingu. Kwa nchi kavu mchana idadi ya vipimo iliongezeka sana. Vilevile, Mei 2001 mtambo mmoja wa kupozea uliharibika na kuzima nusu ya mikondo ya kifaa, na vipimo havikurejea hadi Agosti mwaka huo, vikiwa vya mpangilio tofauti. Mfululizo wa kuchunguza mwelekeo ni bora uanze 2002. Mwishoni nako kuna tahadhari: Terra iliacha kusahihisha mzunguko wake mwaka 2020 na kushushwa kidogo mwaka 2022, kwa hiyo saa ya kupita juu yetu ilizidi kusogea mapema asubuhi, na tofauti ya joto kati ya ardhi na hewa, ambayo kifaa kiliitegemea, haikuwa tena ile ya miaka ya kwanza.

Kuhusu uthibitisho, ndege za kuchukulia sampuli za hewa zilizotumiwa na shirika la Marekani la bahari na angahewa, NOAA, zimekuwa kipimo cha kulinganishia, na kwa wastani tofauti huwa ndani ya asilimia chache. Lakini sehemu kubwa ya safari hizo imefanyika Amerika Kaskazini. Afrika ina vituo vichache mno vya kulinganishia, na kwetu cha kutajwa kwa heshima ni kile cha Mlima Kenya, kilicho mita 3,678 juu ya usawa wa bahari chini ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kwa ushirikiano na taasisi ya Empa ya Uswisi, ambacho kimekuwa kikipima kaboni monoksidi na ozoni ndani ya mtandao wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Kila takwimu ya setilaiti inayotolewa kuhusu eneo letu inakiegemea kituo cha aina hiyo kuliko watu wengi wanavyofahamu, na ningependa sana kuona serikali zetu zikivihesabu vituo hivi kuwa miundombinu kama barabara na bandari.

Kuzipata takwimu ni rahisi kuliko kuzielewa. Faili hutoka katika kituo cha takwimu za angahewa cha NASA huko Langley, Virginia, baada ya kujisajili kwenye tovuti ya NASA ya Earthdata. Anayetaka kutazama tu anaweza kufungua ramani za kila mwezi kwenye tovuti ya Earth Observatory bila akaunti yoyote. Anayetaka kuchambua atapokea faili za HDF5, zinazofunguliwa kwa lugha ya programu ya Python au kwa programu ya bure ya Panoply. Kwa mwenye bando dogo, faili za mwezi zilizopangwa kwa gridi ndizo za kuanzia, kwa kuwa za kila siku, kipande kwa kipande, hulimbikizana upesi. Mwongozo wa mtumiaji ni mzuri lakini umeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, na mwanafunzi asiyejua takwimu za uwezekano atakwama kwenye kurasa za jedwali la unyeti, yaani hasa palipo na faida kubwa kuliko pote. Hapo walimu wa vyuo vyetu wana kazi ya kufanya.

Mtu atauliza kwa nini asitumie TROPOMI moja kwa moja, kifaa kilichomo ndani ya setilaiti ya Ulaya ya Sentinel-5P iliyorushwa tarehe 13 Oktoba 2017. Kwa habari za leo na jana, atumie hiyo bila kusita. Inatazama ukanda wa kilomita 2,600, inaipitia dunia yote kila siku mchana karibu saa saba na nusu, na tangu Agosti 2019 kipande chake ni kilomita 5.5 kwa 7, kwa hiyo huonyesha moshi wa moto mmoja mkubwa ukitoka mahali pake, jambo ambalo MOPITT iliweza kwa nadra. Takwimu hupatikana bure kwenye hifadhi ya Copernicus, mpango wa Ulaya wa kuitazama dunia, na pia ndani ya Google Earth Engine. Ila TROPOMI hutumia mikromita 2.3 pekee na hutoa jumla tu ya gesi iliyomo katika hewa yote juu ya mahali, kwa moli kwa kila mita ya mraba. Haitengi wala haidai kutenga hewa ya chini na ya juu.

Jumla hiyo ina mtego ambao kwetu ni mkubwa. Juu ya Nairobi kuna hewa pungufu kwa karibu moja ya sita ikilinganishwa na Mombasa, kwa sababu ya mwinuko tu. Hata kama uwiano wa kaboni monoksidi ungekuwa sawa kabisa katika miji yote miwili, ramani ya TROPOMI ingeipaka Mombasa rangi ya hewa chafu zaidi. Ziwa Tanganyika na milima iliyolizunguka, Bonde la Ufa, pwani na nyanda za juu, vyote huchoreka kwenye ramani kama tofauti za uchafuzi ilhali ni tofauti za kimo. Tiba ni kuigawa jumla ya gesi kwa jumla ya hewa kavu iliyopo, inayokokotolewa kutokana na kanieneo ya usoni iliyomo ndani ya faili. Pia ni lazima kuchuja kwa namba ya ubora iliyoambatana na kila kipande, kwa kutumia kile kilichozidi 0.5, na kukumbuka kwamba baharini kipimo kingi kizuri hutoka mahali penye mawingu ya chini yanayorudisha mwanga, hivyo hewa iliyo chini ya mawingu hayo imekadiriwa tu.

Lipo pia kundi la tatu la bidhaa, nalo ndilo wengi wanaloliona bila kujua: ramani za kaboni monoksidi katika tovuti na programu za simu za hali ya hewa, zinazobadilika saa kwa saa na kuonyesha siku zijazo. Nyingi ya hizo hutoka katika huduma ya CAMS ya Ulaya, inayoendeshwa na kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, ambayo huchukua vipimo vya setilaiti, vikiwemo vya IASI, kifaa cha Ulaya kinachopima kwa mionzi ya joto, na kwa miaka mingi vya MOPITT, na kuviingiza ndani ya modeli ya hewa. Ni huduma nzuri na naitumia kujua moshi utaelekea wapi, lakini kila namba yake ya usoni ni zao la modeli, na haistahili kunukuliwa gazetini kuwa setilaiti imepima.

Hakuna hata moja kati ya bidhaa hizi inayoweza kumlinda mtu aliyelala ndani na jiko la mkaa linalowaka. Kipande cha kilomita tano hakioni chumba, wala mtaa, na kwa MOPITT hata mji mmoja huhitaji wastani wa miaka mingi ili ujitokeze. Kwa usalama wa nyumbani tegemeo ni madirisha yaliyo wazi na kipimo cha ukutani, na mwandishi anayelichanganya jambo hili na ramani za setilaiti anaweza kumdhuru msomaji wake.

Kwa anayeanza utafiti sasa, swali gumu ni la kuendeleza mfululizo. Agosti 2025 ilirushwa setilaiti ya Metop-SG A1, setilaiti ya Ulaya inayobeba vifaa vya Sentinel-5 na IASI-NG kwa pamoja, yaani mikromita 2.3 na mikromita 4.7 juu ya chombo kimoja, kama ilivyokuwa MOPITT. Huyo ndiye mrithi wa karibu zaidi, lakini alipaa MOPITT ikiwa imeshazimwa, kwa hiyo hakuna hata siku moja ambayo vyote viwili vilitazama hewa ileile. Kiungo kitapatikana kwa kupitia wengine: IASI, iliyoko angani tangu 2006, kwa upande wa mionzi ya joto, na TROPOMI kwa upande wa mwanga wa jua. Ningeshauri mtu achague eneo lake, achukue miaka ya 2018 hadi 2024 ambamo MOPITT na TROPOMI vyote vilifanya kazi, ageuze jumla zote kuwa uwiano kwa hewa kavu, aoanishe majira ya mwaka na kuzingatia tofauti ya saa za kupita, apime tofauti iliyobaki mwezi kwa mwezi, kisha aiandike tofauti hiyo ndani ya kazi yake kabla ya kuchora mstari mmoja unaopita kwenye takwimu zote mbili.